Moto Aliotunyima Jirani wa Juu

Ungemwomba chumvi, angekufungia ya kukufikisha siku ya soko. Ungemwomba jembe, angekupa lile lenye mpini mzuri na kubaki na bovu. Lakini ungemwomba moto mwezi wa Januari, jua likiwa limepanda na upepo umeanza kushuka kutoka ukingo wa Manga, angekutazama kuanzia kichwani hadi miguuni kisha akuulize kama nyumbani kwenu mmeamka na akili timamu. Moto hakutoa. Hakumpa shemeji yake, hakumpa hata katekista wa kanisa lake mwenyewe.

Tulimwita Jirani wa Juu kwa sababu boma lake lilikuwa juu yetu, pale mteremko unapoanza kuwa mkali, mahali ambapo ukisimama unaona barabara ya kwenda Kebirigo ikipinda kati ya migomba. Jina lake nalijua. Hakuna aliyelitumia enzi zile, nami sitaanza leo. Tukiwa mbele yake tulisema Omong'ina, kama mwanamke yeyote mtu mzima anavyoitwa kwetu kwa heshima, na tukishampa kisogo alirudi kuwa Jirani wa Juu.

Kwa asiyejua maisha ya kwetu miaka ya sitini, lazima nieleze. Kiberiti kilikuwa dukani, lakini moto ulikuwa kwa jirani. Mtu akizimikiwa jikoni alimtuma mtoto na kigae cha chungu, naye mtoto akarudi na makaa mawili matatu yaliyofunikwa kwa jani la mgomba. Kumnyima mtu moto ilikuwa kama kumwombea meko yake yapoe kabisa, na unajua meko hupoa katika nyumba ya namna gani: ile iliyokwisha watu. Hata watu waliokosana kwa ajili ya mpaka wa shamba walipeana moto, huku kila mmoja ametazama kando. Basi mwanamke anayesema "hapana" kwa mambo ya moto alikuwa kioja, na watu hawakumwonea haya. Walimwita mchoyo, wengine walimwita mengine mabaya zaidi ambayo kwetu hayasemwi kwa mzaha.

Lakini nenda ukaone boma lake mwezi huo, ndipo ungemwelewa. Wimbi limeshavunwa, mabua ya mahindi yamesimama makavu shambani, kila mtu anachoma magugu kutayarisha ardhi kabla ya mvua za Machi, na nyumba zote ni za nyasi hadi chini ya madirisha. Jirani wa Juu alikuwa amefyeka na kufagia pande zote za nyumba zake mpaka udongo ukang'aa, na kuku wake walionekana kama wanatembea juu ya meza. Upande unaotoka upepo alikuwa amepanda migomba mistari mitatu, imebanana, kwa maana mgomba hauna haraka ya kuungua. Kando ya kila mlango aliegemeza vipande vya mgomba vilivyokatwa vibichi, vizito kwa maji, vya kurusha juu ya paa. Majivu hayakutoka jikoni kwake kabla ya kumwagiwa maji na kukorogwa kwa mti. Alipika alfajiri, akala kiporo mchana, akapika tena jua likishalala na upepo ukitulia. Kati ya hapo meko yake yalikuwa na kaa moja tu, limezikwa kwenye majivu kama kiazi.

"Moto ni mgeni," alituambia sisi watoto. "Mpe kigoda. Kitanda usimpe."

Wazee wenye viko waliviacha langoni kwake, vikapangwa juu ya jiwe, na ungeweza kujua nani yumo ndani kwa kutazama jiwe lile. Siku moja akaja bwana shamba, kijana wa kutoka mbali aliyekuwa akizunguka kuhimiza watu wapande chai. Hakujua Kigusii, na Jirani wa Juu alijua Kiswahili cha sokoni tu, cha kuuza ndizi. Yule kijana aliingia na sigara mdomoni.

"Bwana Shamba," akamwambia, "hiyo sigara yako acha hapo kwa njia. Upepo iko mingi."

"Mama, mimi ni mtu wa serikali," kijana akajibu, akicheka.

"Serikali iko na nyumba ya mabati. Mimi niko na ya nyasi."

Kijana alitoka akaizima langoni, akaikanyaga, na Jirani wa Juu akaenda nyuma yake akaikanyaga tena. Kisha akamkaribisha, akamlisha ndizi na maziwa, akasikiliza habari za chai mpaka mwisho, wala hakupanda hata mche mmoja.

Sasa sikia ajabu yake. Mwanamke huyu aliyewanyang'anya wanaume viko alikuwa mvutaji. Alivuta kama wanawake wa umri wake walivyovuta, kichwa cha sigara chenye moto kimeingizwa mdomoni na kishungi kimebaki nje. Mama yangu, Msabato wa kutoka mguu hadi utosi, alikuwa akimsema kwa hilo.

"Omong'ina, utaungua ulimi, halafu utatunyima moto kwa ishara."

"Huu ndio moto pekee wenye adabu," Jirani wa Juu alimjibu, moshi ukimtoka puani. "Umezungukwa na mate pande zote. Upepo utaingilia wapi?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ninapowakumbuka wawili hao, nawakumbuka hivyo kwanza, halafu moyo unaniuma kwa yaliyofuata.

Maana walikuwa marafiki hasa. Mama alikuwa wa Jumamosi, Jirani wa Juu alikuwa Mkatoliki wa Jumapili, na wiki yao waliigawana hivyo. Ijumaa jua likizama Mama alimaliza kupika, na Sabato yote hakuchochea kuni. Mara nyingi moto wetu ulikufa. Jumapili alfajiri, kabla upepo haujaamka na kabla Jirani wa Juu hajaenda misa, mmoja wetu alipanda kwake na kigae. Alfajiri hakunyima. Alichagua kaa zuri, akalifunika mwenyewe, akatuagiza tutembee, tusikimbie, na tusisimame kusalimiana na mtu. Naye alipokuwa kanisani, ng'ombe wake walikuwa mikononi mwa Mama. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na kwa wawili hao haikuwa methali ya kuandikwa ubaoni tu.

Ningependa kusema kwamba uangalifu wake wote ulituokoa. Ndivyo hadithi za aina hii zinavyotakiwa kwenda: mtu huchekwa kwa tahadhari zake, halafu siku inafika, na waliocheka wanamshukuru. Siku yetu haikwenda hivyo.

Dada yangu Kerubo alikuwa ameposwa. Kijana alikuwa mwalimu, watu wake walikuwa Wasabato kama sisi, wakaazi wa upande wa Mosocho, na walikuwa waje Jumapili kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Kerubo alimpenda mtu huyo. Nasema hivi kwa sababu wasichana wa wakati ule hawakuulizwa sana, lakini yeye alikuwa amepata bahati ya kupewa yule aliyemtaka. Alipaka nyumba udongo mpya kwa mikono yake, ukuta kwa ukuta, akiimba.

Jumapili ile Mama aliondoka mapema kwenda kutafuta jogoo wa pili, kwani aliona mmoja angeleta aibu. Alituachia maagizo ya kufagia, kuteka maji na kumenya ndizi. Habari ya moto ilimpita, na sisi pia ikatupita; kila mmoja alidhani mwingine amepanda juu. Aliporudi na jogoo wake kwapani, jua lilikuwa limepanda na upepo ulikuwa ukivuta majani ya mgomba na kuyararua. Jikoni palikuwa na majivu baridi. Mama alichomoa kiberiti alichokificha paani kwa ajili ya shida, na vichwa vya njiti vikabomoka kimoja baada ya kingine, vilikuwa vimekula unyevu tangu mvua.

Nilitumwa juu. Jirani wa Juu alikuwa ametoka misa, amekaa kivulini, na aliona kigae mkononi mwangu kabla sijafungua mdomo.

"Kwa upepo huu? Rudi umwambie mama yako nitamletea jioni."

Nikarudi. Mama akafunga leso kiunoni akapanda mwenyewe, nami nyuma yake.

"Omong'ina, leo ni siku ya mtoto wangu," Mama akasema. "Wageni wako njiani. Sina kitu juu ya meko."

"Najua ni siku yake. Lete jogoo wako hapa, lete na ndizi. Nitapika kwangu, ndani, mlango umefungwa. Tutashusha chakula kimeiva."

"Niwapikie wakwe wangu katika nyumba ya mtu? Wataulizaje? Kwamba kwa kina Kerubo hakuna meko?"

"Waulize wanavyotaka. Moto hautoki hapa na upepo huu."

"Unaninyima moto?"

"Simnyimi mtu. Naukataza moto kutembea."

Nilidhani watacheka, kwa vile walizoea kucheka mahali kama hapo. Hawakucheka. Mama akageuka, tukashuka, na tulipofika nyumbani akampa Kerubo kigae aende ng'ambo ya kijito, kwa watu ambao hawakuwa na masharti.

Lilikuwa kosa ambalo lingeweza kutokea kwetu tu. Toka kwa Jirani wa Juu hadi kwetu palikuwa karibu kiasi cha kuitana, na njia yote ilipita katikati ya migomba yake mibichi. Toka ng'ambo ilikuwa mteremko, mlima na uwanda mtupu wenye upepo. Kwa kuukataza moto kutembea hatua chache, alikuwa ameutuma safari ndefu. Hakulijua hilo. Alidhani akisema hapana, moto utabaki kwake. Lakini adabu yetu haikuruhusu jambo la moto liishe kwa hapana, na yeye aliyezaliwa katika adabu hiyohiyo alipaswa kujua kwamba mtu akinyimwa hapa atapewa pale.

Kerubo alirudi akihema, jani la kufunikia limekauka na kujikunja. Alikuwa ameingia langoni, amebakiza kuvuka ua, upepo ukainua jani. Sikuona cheche. Niliona ncha za nyasi za paa la jikoni zikigeuka nyekundu, kisha nikasikia sauti kama kitambaa kipya kinachochanwa, na jiko likawa limeshika. Kutoka jikoni moto ukaruka hadi nyumba kubwa. Tulitoa ndama, tukatoa sanduku la nguo na Biblia, basi. Kuta alizopaka Kerubo zilipasuka kwa joto.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Jirani wa Juu. Alishuka akikimbia, mwanamke wa umri ule, amekumbatia kipande cha mgomba kifuani kama mtoto, na nyuma yake wanawe na wakwe zake na vipande vingine, na mitungi. Nyumba ilikuwa imekwisha. Alipanda juu ya ghala ya wimbi kwa miguu yake mwenyewe, akaifunika kwa migomba mibichi, akaipiga kwa matawi mpaka nyusi zake zikaungua. Wimbi letu lilibaki. Mwaka ule tulikula kwa sababu yake.

Alipoteremka akamjia Mama na mtungi wa maji ya kunywa. Mama alikuwa amekaa chini, jogoo bado kwapani, hakuna aliyejua kwa nini hakumwachia.

"Moto umeninyima," Mama akasema. "Maji sikuyaomba."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia.

Wageni walikuwa wameona moshi kutoka barabarani. Walikuwa watu wa Biblia, na baadaye walituma ujumbe kusema kwamba wao hawaamini ndege wa kushoto wala mnyama anayekatiza njia ya posa. Hata hivyo waligeuka palepale barabarani, na hawakurudi tena. Kerubo aliolewa miaka kadhaa baadaye na mgane mwenye watoto wakubwa, mtu mpole. Sijamsikia akilalamika. Sijamsikia akiimba pia.

Mama hakumlaumu Kerubo, wala hakujilaumu mwenyewe kwa kusahau alfajiri. Lawama yote aliipandisha mlimani. Nilimpenda mama yangu na bado nampenda, lakini kwa jambo hilo alikuwa mgumu kama jiwe la kusagia, na mimi niliyesikia kila neno la siku ile najua kwamba jogoo yule angeweza kupikwa juu na kuliwa chini, na tungekuwa watu wengine leo.

Jirani wa Juu alibadilika, na mabadiliko yake yalisikitisha kuliko ukali wake. Alisafiri mpaka Tabaka, kwa wachonga mawe, akawaomba wamchongee chungu cha jiwe kizito chenye kifuniko cha kubana. Wachongaji walimcheka, kwa vile wao walizoea kuchonga sanamu za viboko na bakuli za kuwauzia wazungu. Alirudi nacho kichwani. Tangu hapo hakumnyima mtu moto, saa yoyote, mwezi wowote. Ila hakumpa mtu aubebe. Alisema "tangulia," akafukua kaa, akalifungia ndani ya jiwe, akakufuata mpaka jikoni kwako, akasimama mlangoni hadi kuni zishike. Vijana walifanya mchezo: walimwomba moto huku wana viberiti mfukoni, wamwone akipanda na kushuka na mzigo ule. Alijua. Alikwenda tu.

Na Jumapili alfajiri, kabla ya misa, aliteremsha chungu kile na kukiweka langoni kwetu, kimejaa makaa. Mama alipita kando yake akienda kisimani, akapita tena akirudi. Makaa yalikufa yenyewe humo ndani. Akitoka misa Jirani wa Juu alikichukua, akamwaga majivu kwenye udongo, akaenda zake. Baba alimsihi Mama mara moja, akaambiwa kama anataka moto wa juu ahamie juu. Nilikuwa na umri wa kuweza kukibeba chungu kile hadi jikoni na kusema kitu, lakini kwetu mtoto haingii katikati ya wanawake wawili wazima, na kila mtu alinifundisha hivyo. Naona ni mafundisho mabaya.

Mwishowe chai ya wengine ilianza kulipa, na yetu pia. Mama akaezeka mabati. Siku ile fundi alipopiga msumari wa mwisho, Mama alinunua viberiti pakiti nzima akavipanga dirishani, mahali panapoonekana kutoka mlimani. Chungu cha jiwe hakikushuka tena.

Nilimwona Jirani wa Juu kwa mara ya mwisho miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimekuwa mwalimu, nimehamishwa mbali, na nilikuja nyumbani mwezi wa Januari kwa siku chache. Nyasi zilikuwa njano na upepo ulikuwa ukisukuma vumbi barabarani. Nilimwambia Mama kwamba napanda juu kumjulia hali, nimesikia amedhoofu. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Una la kumpelekea?" nikamuuliza.

"Njia unaijua," akasema.

Nilimkuta ameketi nje juu ya ngozi, mgongo ukutani, kivulini. Ua ulikuwa umeota majani, hapakuwa na wa kufagia. Wanawe walikuwa Nairobi na Kericho, na mkwe aliyebaki alikuwa shambani. Macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Alinitambua kwa sauti, akanishika mkono akaupapasa hadi kiwiko.

"Bosibori. Umenenepa. Ualimu unalipa."

"Unalipa kidogo, Omong'ina."

Akaniuliza habari za Kerubo, nikampa zile nzuri. Akauliza kama bado tuna wimbi, nikamwambia siku hizi ni chai tupu. Akasikiliza upepo, shingo imeinama kidogo, halafu akaniuliza kama nimeona moshi wowote nilipokuwa nikipanda. Nikamwambia sikuona.

Hakumtaja Mama. Alizunguka kila mtu wa nyumba yetu, aliye hai na aliyekufa, akauliza hata habari za ng'ombe mwekundu tuliyemuuza zamani, na mahali pa Mama akaparuka. Sikuweza kustahimili.

"Mama anakusalimu," nikasema.

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa kwamba analia, kumbe anacheka.

"Wamekufundisha kusoma na kuandika," akasema, "kudanganya hawakukufundisha. Mama yako hajanisalimu tangu nyumba ile iungue. Siku akitaka kunisalimu hatamtuma mtu. Namjua mimi, wewe umemkuta tu."

Uso uliniwaka. Nikaanza kuomba radhi, akanibana mkono.

"Ngoja. Sema tena."

"Niseme nini, Omong'ina?"

"Hilohilo. Lakini usiseme kama mwalimu. Sema vile yeye angesema akiwa amesimama hapo langoni. Sauti zenu zinafanana."

Nilitazama chini. Paa letu la mabati lilionekana kati ya migomba, na Mama alionekana mdogo uani, bado ameinamia maharagwe yake. Nikaivuta sauti ya Mama, ile ya zamani, ya kabla ya siku ile.

"Omong'ina, umeamkaje?"

Akafumba macho yake yasiyoona.

"Nimeamka salama, Mama Kerubo," akajibu. "Ingia. Mbona umekawia hivyo?"